Mtoano si Ligi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Madungu, Chake Chake)



Kwanza kabisa natoa shukrani zangu kwa Kamati ya Matayarisho kwa kunipa nafasi ya kusema maneno machache mbele yenu. Nasema machache, lakini mnaonijua mnafahamu kwamba mtumishi wa Serikali akishika karatasi hana machache. Nawaomba mnivumilie. Biriani imeshapikwa na haitakimbia.

Kamati iliniomba nizungumzie michezo, kwa sababu mwaka huu mashindano yetu ya mpira wa miguu baina ya madarasa yanachezwa kwa mtoano: ukifungwa mara moja, unakwenda kukaa chini ya mwembe na kuwatazama wenzako. Nilikubali kwa furaha. Lakini juu ya mpira wa miguu hapa Pemba kila mtu ni bingwa, na mimi siwezi kuwafundisha samaki kuogelea. Kwa hivyo nimechagua mchezo ambao humu ndani sina mpinzani. Nitazungumzia kriketi, na khasa msimu mmoja wa mashindano ya mtoano ya kaunti za Uingereza, msimu wa mwaka 1985.

Naona baadhi yenu mmeanza kutazamana. Kriketi na Madungu, wapi na wapi? Nina majibu matatu. La kwanza ni kwamba mchezo huu si mgeni kabisa katika visiwa vyetu. Wazee waliokaa mjini Unguja zamani wanaukumbuka ukichezwa Mnazi Mmoja, watu wamevaa nguo nyeupe kama wanakwenda kusali Ijumaa. La pili ni kwamba katika fainali ya msimu huo kuna jambo la Afrika ya Mashariki, nalo nitalieleza. La tatu ni kwamba msimu ule una funzo juu ya hoja namba tatu tutakayoipigia kura leo mchana. Lakini kila jambo na wakati wake.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Timu mbili, kila moja ina watu kumi na mmoja. Timu moja inapiga na nyingine inarusha mpira na kudaka. Mpigaji anasimama na gongo bapa mbele ya vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Akiupiga mpira hukimbia kwenda upande wa pili, na kila akifika anapata alama moja, ambayo watangazaji wetu huiita mkimbio. Mpira ukitambaa mpaka mpakani ni mikimbio minne, ukivuka mpaka bila ya kugusa chini ni sita. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa hewani, mpigaji anatoka. Mipira sita ya mrushaji mmoja huitwa ova. Mkiyashika hayo mmeshika ya kutosha.

Sasa, kwa miaka mingi kriketi ya kaunti, na kaunti ni kama mikoa yetu, ilichezwa kwa siku tatu mfululizo, na pengine siku tatu zikamalizika bila ya mshindi kupatikana. Watu wakapumzika kunywa chai, wakarudi, mvua ikanyesha, wakaondoka tena. Baada ya Vita Vikuu vya Pili watazamaji walianza kupungua mwaka hadi mwaka, na kaunti zikawa hazina fedha. Hapo wakubwa wa mchezo wakakaa wakafikiri, na mwaka 1963 wakaanzisha kitu kipya: mashindano ya mtoano, kila mechi imalizike kwa siku moja. Kila timu ilipewa ova 65 tu, na mwaka uliofuata zikapunguzwa zikawa 60. Kampuni ya nyembe ya Gillette ikatoa fedha, na kombe likaitwa kwa jina lake. Mwaka 1981 jina likabadilika baada ya benki ya NatWest kuchukua nafasi hiyo.

Mechi ya kwanza kabisa ilikuwa baina ya Lancashire na Leicestershire, mwezi wa Mei 1963. Mchezo huo wa siku moja ulichukua siku mbili kwa sababu ya mvua. Tusiwacheke Waingereza, hata sisi mikutano yetu ya saa moja tunaijua.

Fainali ya mwaka huo, iliyochezwa katika uwanja wa Lord's mjini London, ilishindwa na Sussex, waliowapita Worcestershire kwa mikimbio 14 tu. Uwanja ulijaa, na tangu siku hiyo ikajulikana kuwa mtoano unavuta watu. Na kwa nini usiwavute? Katika mtoano kila kosa lina bei, na hakuna mtu wa kusema "tutalipiza wiki ijayo".

Nataka mzingatie kanuni moja ya mashindano hayo. Katika ova 60 mrushaji mmoja haruhusiwi kurusha zaidi ya ova 12. Piga hesabu: 60 gawa kwa 12 ni 5. Maana yake ni kwamba hata ukiwa na mrushaji bora kuliko wote duniani, unahitaji wengine wanne wa kumsaidia. Hapana bingwa mmoja wa kuibeba timu peke yake. Kanuni hii nitairudia mwishoni.

Ndugu zangu, sasa niingie katika jambo letu la Afrika ya Mashariki. Mafanikio ya mchezo huo wa siku moja ndiyo yaliyofungua njia ya Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, lililochezwa Uingereza mwezi wa Juni 1975 kwa kanuni hizo za ova 60. Timu zilikuwa nane, na moja kati yake iliitwa Afrika ya Mashariki. Ilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Kutoka Uganda walikuwamo Samuel Walusimbi na mwandishi John Nagenda, na kutoka Tanzania walikuwamo Shiraz Sumar na Praful Mehta. Alikuwamo pia mrushaji mmoja Mwingereza, mkaazi wa Nairobi, jina lake Don Pringle. Jina hilo liwekeni akilini.

Je, timu yetu ilifanya nini? Nitasema kweli bila ya kupaka rangi. Tarehe 7 Juni, mjini Birmingham, New Zealand walipata mikimbio 309, na mtu mmoja, Glenn Turner, alipata 171 peke yake, akasimama uwanjani tangu ova ya kwanza mpaka ya 60 bila ya kutolewa. Sisi tukajibu kwa 128. Tarehe 11, mjini Leeds, tulipata 120, na Wahindi wakazifikia bila ya mpigaji wao hata mmoja kutoka. Tarehe 14 tulirudi Birmingham kucheza na Waingereza wenyewe. Walipata 290, na sisi tukaishia 94. Mechi tatu, kushindwa mara tatu, na safari ya kurudi nyumbani.

Wapo waliocheka, na wapo waliosema kwamba watu wa huku hawakustahiki kukaribishwa. Baadaye mwaka huohuo Don Pringle alifariki dunia kwa ajali ya gari mjini Nairobi. Aliacha mtoto wa kiume aliyezaliwa mjini humohumo mwezi wa Septemba 1958, jina lake Derek, ambaye wakati huo alikuwa ana umri wa miaka 17 tu. Mtu yeyote angeweza kufikiri kuwa khabari ya kriketi ya nyumba hiyo imekwisha, na khabari ya kriketi ya Afrika ya Mashariki imekwisha pia.

Tuvuke miaka kumi mbele, tufike msimu wa 1985, ndio kiini cha mazungumzo yangu.

Mwaka huo timu 32 ziliingia katika mtoano: kaunti kubwa 17, kaunti ndogo 13, na timu za Scotland na Ireland. Mnaojua hesabu mnaona uzuri wake: 32 zinakuwa 16, 16 zinakuwa 8, 8 zinakuwa 4, 4 zinakuwa 2, na mbili zinatoa bingwa. Raundi tano tu. Timu 31 zitafungwa, na moja ndiyo itakayorudi nyumbani inacheka. Hakuna mpango wa mchezo unaozalisha wenye huzuni wengi kwa haraka kuliko huo.

Katika raundi ya kwanza lilitokea jambo la ajabu. Durham, ambayo wakati huo ilikuwa kaunti ndogo, iliitoa Derbyshire, kaunti kubwa. Wachezaji wa kaunti kubwa walikuwa wakilipwa mishahara kwa kucheza, na wale wa kaunti ndogo wengi wao walikuwa na kazi zao nyengine, wakicheza siku za mapumziko. Na hii haikuwa mara ya kwanza kwa Durham. Mwaka 1973 walikuwa wameitoa Yorkshire, ambayo kwa jina na heshima haikuwa na mfano katika kriketi ya Uingereza. Kwa hivyo Durham ikawa kaunti ndogo ya kwanza kuwatoa wakubwa mara mbili.

Timu nyengine ya kuitazama ilikuwa Essex. Katika nusu fainali walikutana na Hampshire, na mwisho wa siku timu zote mbili zilikuwa na mikimbio sawasawa. Kanuni ikasema: aliyepoteza wiketi chache ndiye mshindi, nao Essex wakapita. Hampshire hawakupitwa hata kwa mkimbio mmoja, lakini wakatolewa. Hapa ndipo unapoona ukali wa mtoano: hauulizi nani bora, unauliza nani abaki.

Fainali ilichezwa Lord's tarehe 7 Septemba, Essex na Nottinghamshire. Essex walianza kupiga. Watu wao wawili wa mwanzo, Graham Gooch na Brian Hardie, walikusanya mikimbio 202 kabla ya mmoja wao kutoka. Hardie alipata 110 na Gooch 91. Ova 60 zilipokwisha Essex walikuwa na 280, na wapigaji wawili tu walikuwa wametoka. Wengi waliona mchezo umekwisha kabla ya chai.

Lakini Nottinghamshire walikuwa na wapigaji wawili wa mwanzo nao, Tim Robinson na Chris Broad, na hao wakaleta 143 pamoja. Wakafuata wengine, kasi ikapungua, na ova zikawa zinakwisha. Ikabaki ova ya mwisho, mipira sita, na Nottinghamshire wanahitaji mikimbio 18. Aliyeshika gongo alikuwa Derek Randall, mtu wa mizaha mingi na mbinu nyingi zaidi. Na aliyepewa mpira arushe ova hiyo ya mwisho alikuwa nani? Alikuwa Derek Pringle, kijana mrefu wa miaka 26, mzaliwa wa Nairobi, mtoto wa yule Don Pringle wa timu yetu iliyoshindwa mara tatu mwaka 1975.

Mpira wa kwanza, mikimbio miwili. Wa pili, minne. Wa tatu, miwili. Wa nne, minne. Wa tano, minne. Randall alikuwa akisogea pembeni kila mara, akijitengenezea nafasi na kuupiga mpira upande usio na watu. Jumla yake ni 16 kwa mipira mitano. Ukabaki mpira mmoja na mikimbio miwili ya ushindi.

Hebu mfikirieni yule kijana. Mipira mitano yote imepigwa. Uwanja mzima umesimama. Aghalabu mtu katika hali kama ile hurudia lilelile lililomshinda, kwa sababu khofu humfunga akili. Yeye alibadilisha. Randall alipojisogeza tena, Pringle alimfuata na mpira miguuni mwake. Randall akaupiga upande wa pili, ukapaa, na Paul Prichard akaudaka. Essex 280, Nottinghamshire 279. Tofauti ni mkimbio mmoja baada ya ova 120 za mchezo.

Kwa ushindi huo Essex wakawa kaunti ya kwanza kuwahi kuyachukua mashindano yote manne makubwa ya kaunti. Ndugu zangu, neno hilo "manne" ndilo lililonifanya niandike hotuba hii. Naomba mnisikilize vizuri hapa.

Ukitazama fainali peke yake utadhani kuwa kriketi ya Uingereza yote ilikuwa mtoano. Sivyo. Kaunti zile zilikuwa na mashindano manne katika msimu mmoja. Kulikuwa na Ubingwa wa Kaunti, ambao ni ligi ya mechi za siku tatu, miezi mitano mizima. Kulikuwa na ligi ya siku za Jumapili. Kulikuwa na kombe jengine lililoanza kwa makundi. Na ndipo likaja kombe hili la mtoano. Kwa hivyo Derbyshire waliotolewa na Durham hawakwenda kulala. Walikuwa na mechi nyengine siku chache baadaye. Hampshire waliotolewa kwa mikimbio sawasawa walikuwa na mechi nyengine pia. Aliyeanguka katika mtoano aliangukia juu ya ligi, hakuangukia katika shimo.

Na matokeo yake yakaonekana. Nottinghamshire waliokosa kombe kwa mkimbio mmoja mwaka 1985 walirudi Lord's mwaka 1987, wakawashinda Northamptonshire na kulichukua kombe lilelile, na mwaka huohuo wakachukua Ubingwa wa Kaunti. Durham, wale wadogo, mwaka 1992 walikubaliwa kuingia katika daraja la kaunti kubwa, na mwaka 2007 wakachukua kombe la mechi za siku moja katika fainali ya Lord's palepale. Durham hawakuwaomba wakubwa wawaonee huruma. Waliomba mlango tu, na mlango ulipofunguliwa wakaingia kwa miguu yao wenyewe.

Na kriketi ya huku kwetu je? Kenya, ambayo mwaka 1975 ilikuwa sehemu ya timu iliyochekwa, mwaka 1996 ilikwenda India katika Kombe la Dunia kwa jina lake yenyewe. Kule mjini Pune iliwashinda West Indies, waliokuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1975 na 1979. Kenya walipata 166, na West Indies wakatolewa wote kwa 93. Mwaka 2003 Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Laiti mwaka 1975 ungekuwa ndio mtihani wa mwisho na daftari likafungwa, hayo yote yasingekuwapo.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii. Mtoano ni mchezo mzuri. Unafundisha ujasiri, unafundisha kutopoteza nafasi, unampa mdogo siku ya kumtoa mkubwa. Lakini mtoano si nyumba ya kukaa. Unafaa pale tu ambapo pembeni yake ipo ligi ya kumpokea aliyetolewa. Mtoano bila ya ligi ni kupoteza watu.

Hata hapa petu tumeliona hilo. Mwezi wa Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, hatua chache kutoka tulipokaa. Wengi wenu mlikuwapo. Timu nne za taifa, Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya na Burkina Faso, zilicheza kwanza zenyewe kwa zenyewe mithili ya ligi, na mbili za juu ndizo zikaingia fainali. Tarehe 13 Januari Zanzibar tukawafunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1. Sijasikia hata mtu mmoja akisema kuwa ushindi ule haukuwa na ladha kwa sababu kila timu ilipewa nafasi zaidi ya moja.

Sasa nakuja kwenye hoja namba tatu.

Sisi sote tuliomo humu tulipita katika mtoano. Wakati wetu mtihani wa Kidato cha Pili ndio uliokuwa raundi ya kwanza. Aliyepita alikwenda Kidato cha Tatu, na asiyepita aliondoka. Silaumu mtu. Nafasi zilikuwa chache na nchi ilikuwa ikichagua kwa kipimo ilichokuwa nacho. Mimi mwenyewe nimo ndani ya Serikali na najua kugawa kidogo kwa wengi ni kazi gani. Lakini hebu kila mmoja wenu afumbe macho alikumbuke darasa lake la Kidato cha Pili, dawati kwa dawati. Nani alikaa kulia kwako? Nani alikaa nyuma yako? Wangapi kati yao wamo humu leo?

Hawamo, na hawamo kwa sababu katiba ya jumuiya yetu inasema mwanachama ni yule aliyemaliza Kidato cha Nne. Wao wamo mjini. Wanatushonea nguo, wanatutengenezea baiskeli na magari, wanachuma na kuanika karafuu, wanatuvusha baharini, wanatuuzia samaki. Wengine ni wafanyabiashara wakubwa kuliko sisi wenye vyeti. Tunapita mbele ya maduka yao tukija kwenye mkutano huu, tunasalimiana, wanatuuliza: "Mnakwenda wapi mmevaa hivyo?" Na sisi tunajibu kwa aibu kidogo: "Tunakwenda kwenye mkutano wa skuli." Skuli ipi? Ileile waliyosoma wao.

Hoja namba tatu inasema mambo mawili. La kwanza, kila aliyeandikishwa skulini kwetu na akakaa darasani, hata akiwa aliondoka Kidato cha Pili, awe na haki ya kuwa mwanachama kamili. La pili, sehemu ya mfuko wetu, ambao mpaka sasa unawasaidia wanaokwenda chuo kikuu tu, itumike pia kuwasaidia vijana waliotolewa: kuwalipia ada wale wanaotaka kurudi kwa njia ya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, au wanaotaka kujifunza ufundi katika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji. Hiyo ndiyo ligi ninayoisema. Kwa mtihani hatuna mamlaka. Mamlaka tuliyonayo ni juu ya kile anachokikuta kijana baada ya mtihani.

Najua wapo wanaopinga, na nimewasikiliza kwa heshima. Wanasema mlango ukifunguliwa jina la jumuiya litashuka. Nawajibu kwa khabari ya Durham. Walipoingizwa katika kaunti kubwa mwaka 1992, wapo waliodhani kiwango kitashuka. Miaka kumi na mitano baadaye walikuwa wameshika kombe. Na wale wakongwe hawakupungua hata hatua moja kwa kukaa meza moja nao.

Wengine wanasema mfuko ni mdogo, na ukigawanywa hautamfaa mtu. Hili ni neno la maana na sitalipita juujuu. Ni kweli mfuko ni mdogo. Lakini kumbukeni ile kanuni ya ova 12. Hakuna mrushaji mmoja anayeruhusiwa kurusha ova zote. Mfuko wetu mpaka leo unachangiwa na watu wachache, wengi wao watumishi wa Serikali wenye mishahara inayojulikana, na wanatoa walewale kila mwaka. Wale tuliowaacha nje ndio wenye maduka, mashamba na vyombo vya bahari. Tukiwafungulia mlango, hatuongezi midomo tu, tunaongeza mikono. Na hata wasingekuwa na senti moja, bado ningesema waingie, kwa sababu dawati lile lilikuwa lao pia.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi kwamba kila aliyetolewa atakuja kuwa Derek Pringle. Wala sisemi mtihani ufutwe. Ninachosema ni kwamba mwaka 1975 hapakuwa na mtu aliyeitazama timu yetu ikirudi nyumbani na mikimbio 94 akaweza kubashiri kwamba mtoto wa mmoja wao ndiye atakayeshika mpira wa mwisho Lord's. Binadamu hajui nani atafaa kesho. Na kwa kuwa hajui, jambo la busara ni kuacha mlango wazi.

Leo jioni mechi zetu za mtoano zitachezwa. Darasa langu litacheza na waliotutangulia kwa miaka miwili, na kwa vitambi ninavyoviona pande zote mbili sitarajii mabao mengi. Atakayefungwa atatoka. Namwomba Katibu wa Michezo, nje ya hoja zote, awapangie waliotolewa nao mechi yao kesho asubuhi, ili kila mtu aliyekuja na viatu vyake acheze zaidi ya mara moja.

Na kabla ya hapo, saa nane mchana, tutainua mikono juu ya hoja namba tatu. Mimi wangu nitauinua. Nawaomba na nyinyi muinue wenu.